MELI ZILIZOZAMA NA HISTORIA YA WAVUJAJASHO WA BAHARINI

Utangulizi

Historia ya bahari, kama ilivyozoeleka kuandikwa na kufundishwa, ni historia ya manahodha, wafalme na makampuni. Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyezunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1497, atajibu bila kusita kwamba ni Vasco da Gama. Lakini tanga halikunjwi na jina la nahodha. Yupo aliyepanda mlingotini wakati wa dhoruba, yupo aliyeyatoa maji ngamani usiku na mchana, yupo aliyewasha moto na kupika, na yupo aliyekufa kwa kiseyeye akatoswa baharini. Hao ndio walioiendesha meli, na hao ndio ambao vitabu vimewasahau.

Sababu ya usahaulifu huo inaeleweka. Kumbukumbu zilizoandikwa ni mali ya waliokuwa na karatasi, wino na makabati ya kuzihifadhi. Mwenye meli aliandika thamani ya shehena yake. Karani wa mfalme aliandika idadi ya mizinga na ya askari. Nahodha aliandika taarifa ya kujitetea chombo kilipopotea. Baharia, mpishi, mtumwa na mtoto wa kutumwa hawakuandika chochote, na walipotajwa na wengine walitajwa kama idadi au kama gharama.

Je, tuseme basi kwamba historia ya watu hao haiwezi kuandikwa? Hapana. Katika miaka mingi iliyopita, wataalamu wa akiolojia wamekwenda kuitafuta mahali ambapo karani hakuweza kufika, yaani chini ya bahari, katika mabaki ya meli zilizozama. Makala hii inachambua mafunzo yaliyopatikana huko. Tutazitazama meli mbili za Ulaya, kisha tutazitazama meli mbili zinazotuhusu moja kwa moja: iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, na iliyozama Cape Town mwaka 1794 ikiwa imebeba watu kutoka Msumbiji. Mwisho tutajadili ni nani mwenye haki juu ya mabaki haya.

Kwa nini bahari hutunza alichokitupa bwana

Nchi kavu, jengo linapoachwa, watu hurudi kuchukua kilicho na faida. Mbao huwa kuni, chuma hufuliwa upya, nguo huchakaa na kutupwa. Kinachobaki kwa mwanaakiolojia ni mawe na vigae. Meli inayozama ghafla haimpi mtu nafasi ya kuchagua. Inazama na kijiko cha mti cha baharia kama inavyozama na sahani ya Admirali.

Ikiwa meli imelala katika matope laini, upande uliozikwa hukosa hewa ya oksijeni, na wadudu na vijidudu wanaokula mbao hawawezi kuishi humo. Kwa hiyo mbao, ngozi, kamba, sufi, mbegu za matunda na mifupa ya watu huweza kukaa karne nyingi. Upande uliobaki nje ya matope huliwa na kubebwa na mikondo. Ndiyo maana mara nyingi wataalamu hupata nusu ya meli, kana kwamba imepasuliwa kwa msumeno kutoka omo hadi shetri.

Lakini kitu chenyewe, peke yake, hakisemi mengi. Kiatu kikipelekwa sokoni ni kiatu tu. Kiatu hichohicho kikipimwa mahali kilipokuwa, katika sitaha gani, kando ya kasha gani, juu ya mifupa ya nani, kinakuwa ushahidi. Kwa sababu hiyo wapiga mbizi wenye mafunzo hugawa eneo katika miraba, hupima kila kipande na kukichora kabla ya kukitoa. Tofauti kati ya mwanaakiolojia na mwindaji hazina ni hiyo: mmoja anautafuta uhusiano wa vitu, mwingine anavitafuta vitu vyenyewe. Msomaji ashike hoja hii, maana tutairudia.

Mary Rose: matabaka ndani ya meli moja

Tarehe 19 Julai 1545, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, iitwayo Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth wakati wa mapigano na Wafaransa. Inakadiriwa kwamba ilikuwa na watu wapatao 500, na waliookoka hawakuzidi 35. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1971, yakachimbuliwa na mamia ya wapiga mbizi, wengi wao wa kujitolea, na tarehe 11 Oktoba 1982 sehemu ya meli iliyosalia ikainuliwa juu ya maji. Vitu zaidi ya 19,000 vilipatikana, pamoja na mifupa ya watu wasiopungua 179.

Kwanza tuone karatasi zinasema nini. Mwaka 1546 mfalme alipelekewa orodha ya meli zake yenye michoro ya rangi, iitwayo Anthony Roll. Mary Rose imo katika orodha hiyo, ijapokuwa wakati huo ilikwisha kuwa chini ya maji. Imeandikwa kuwa na askari 185, mabaharia 200 na wapiga mizinga 30. Hakuna majina. Miongoni mwa wote waliozama, wanaojulikana kwa jina ni wachache mno, na mmojawapo ni Makamu Admirali Sir George Carew. Orodha iliihesabu meli iliyokwisha kuzama, lakini haikuona haja ya kuwataja waliozama nayo.

Sasa tuone matope yanasema nini.

(a) Chakula. Katika matope vilipatikana vyombo vya madini ya bati vyenye herufi za jina la Carew. Vilipatikana pia mabakuli na sahani nyingi za mti, baadhi zikiwa zimekwaruzwa alama na wenyewe, maana asiyejua kuandika naye alitaka bakuli lake lisipotee. Jikoni, ndani kabisa ya ngama juu ya farumi ya kokoto, palikuwa na majiko mawili ya matofali na masufuria makubwa sana. Mpishi na wasaidizi wake walifanya kazi katika moshi na giza, mahali pa chini kuliko pote katika meli. Mapipa yalikuwa na mifupa ya ng'ombe na nguruwe iliyokatwa kwa vipimo, na kulikuwa na mabaki ya samaki. Lakini vilipatikana pia pilipili manga na kokwa za matunda, vitu ambavyo havikuwa posho ya baharia wa kawaida. Meli ilikuwa moja, lakini meza hazikuwa moja.

(b) Kazi iliyoandikwa katika mifupa. Waliokufa walikuwa vijana wengi, na walikuwamo wavulana wadogo. Wataalamu waliona katika mifupa ya vijana hao uti wa mgongo uliochakaa kama wa wazee, kwa kunyanyua na kuvuta vitu vizito. Waliona pia kwamba katika mabega ya watu wengi kuliko kawaida, ncha ya kombe la bega haikuungana na mfupa wake. Hali hii wameihusisha na kuvuta upinde mzito tangu utotoni, kwani humo melini zilipatikana pinde zaidi ya 130 nzima na mishale zaidi ya 3,500. Ilionekana mifupa yenye alama za matege ya utotoni na njaa ya zamani. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa mitulinga ya wanaume 12 wa meli hii, ukaonyesha jinsi umri na kazi vilivyogeuza kemia ya mfupa. Kwa maneno mengine, mfanyakazi hakuacha daftari, lakini mwili wake wenyewe ulikuwa daftari la kazi.

(c) Ujuzi. Kilipatikana chumba cha maseremala na vifaa vyao: randa, nyundo, keekee, vipimo. Kilikuwamo pia kibao cha mchezo wa dadu na kete. Karibu na chumba hicho ilipatikana mifupa ya mbwa mdogo. Lilipatikana sanduku la kinyozi-mganga lenye vitu vipatavyo 60: mitungi ya marhamu, mabomba ya kuingizia dawa mwilini, wembe, na nyundo ya mti. Kwa vitu hivi tunaona kwamba meli haikuwa chombo cha nguvu za misuli tu. Ilikuwa karakana ya mafundi, na bila maarifa yao amri ya mfalme isingeweza kuitoa bandarini.

(d) Usafi na imani. Vilipatikana vichana zaidi ya 80, vingine vikiwa bado na chawa wa karne ya 16. Zilipatikana rozari, ingawa serikali ya Henry VIII ilikuwa imekwisha vunja uhusiano na Papa na kuyapiga vita mengi ya mazoea ya zamani ya dini. Baharia alivaa sare ya vita vya mfalme, lakini moyoni hakubadilika kwa tangazo.

(e) Asili ya watu. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa meno ya watu wanane wa meli hii. Ulionyesha kwamba baadhi yao huenda walikulia kusini mwa Ulaya, au hata Afrika ya Kaskazini. Hivyo ile picha ya jeshi la "damu moja" inayopendwa na wabaguzi wa rangi haisimami hata katika meli ya kifahari ya Waingereza wa mwaka 1545.

Mpiga mbizi Jacques Francis

Hapa lipo jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kiafrika yafaa alijue. Muda mfupi baada ya Mary Rose kuzama, wakubwa wa Uingereza walitaka mizinga yao. Walimkodi Piero Paolo Corsi wa Venice, ambaye alikuwa na kundi la wapiga mbizi. Kiongozi wa wapiga mbizi hao alikuwa Mwafrika, Jacques Francis, mzaliwa wa kisiwa cha Arguin katika pwani ya Mauritania ya leo. Alikuwa kijana wa miaka kama 20. Aliweza kuzama bila vifaa katika maji ya baridi na yenye matope, akafanya kazi ambayo wenye meli hawakuiweza.

Mwaka 1548 Corsi alishtakiwa na wafanyabiashara wa Kiitalia kwamba ameiba bati lililotolewa katika meli nyingine iliyozama. Jacques Francis alitoa ushahidi katika Mahakama Kuu ya Admirali, kupitia mkalimani. Anajulikana kuwa Mwafrika wa kwanza kutoa ushahidi katika mahakama ya Uingereza. Upande wa pili haukuwa na uwezo wa kubishana na ujuzi wake, ukaamua kuishambulia hadhi yake: ulidai kwamba yeye ni mtumwa na kafiri, na kwa hiyo neno lake lisikubaliwe. Mahakama iliupokea ushahidi wake hata hivyo.

Tukio hili linatufunza mambo mawili. Kwanza, kazi ya kuingia katika meli iliyozama ilifanywa na mikono ya Kiafrika zaidi ya miaka 400 kabla ya kuwapo vyuo vya akiolojia ya baharini. Pili, swali la "nani anastahili kusadikiwa" limekuwa swali la kitabaka tangu zamani. Tunapochunguza meli zilizozama, tunaendelea na kesi ileile: tunadai kwamba ushahidi wa mtu wa chini upokewe.

Vasa: amri ya juu na maarifa ya chini

Tarehe 10 Agosti 1628 meli ya kivita Vasa ya Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi ilitweka tanga Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa na mizinga 64 na mapambo mengi ya kuchonga. Baada ya kwenda mita 1,300 hivi, upepo uliilaza, maji yakaingia katika matundu ya mizinga, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, nayo ni kati ya meli za kale zilizohifadhika vizuri kuliko zote duniani.

Kabla ya safari, meli ilijaribiwa. Watu 30 waliamriwa kukimbia sitahani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na baada ya mara tatu ikayumba vibaya hata Admirali Klas Fleming akasimamisha jaribio. Mabaharia waliona kwa macho yao kwamba meli si salama. Lakini mfalme alikuwa vitani na alikuwa akiitaka meli haraka. Hakuna aliyesema hapana. Baraza la uchunguzi lililofuata halikumtia mtu yeyote hatiani.

Karatasi zinaishia hapo. Mbao zinaendelea. Ndani ya meli wataalamu walipata rula nne za mafundi. Mbili zilifuata futi ya Uswidi yenye inchi 12, na mbili zilifuata futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Mafundi kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakijenga chombo kimoja kwa vipimo viwili tofauti, na meli yenyewe ilipopimwa ilionekana kwamba pande zake mbili hazilingani. Hatusemi kwamba rula ndizo zilizoizamisha. Sababu kubwa ni kwamba uzito mwingi ulikuwa juu na farumi haikutosha kuushikilia. Tunasema kwamba rula zinatuonyesha wafanyakazi wenyewe: walitoka wapi, walifundishwa nini, na jinsi uongozi ulivyoshindwa kuziunganisha kazi zao.

Aidha, mifupa ya mtu mmoja, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya mwanamume, ilithibitishwa mwaka 2023 kwa uchunguzi wa chembe za urithi kuwa ya mwanamke. Wanawake hawamo katika orodha za jeshi la majini, lakini katika meli walikuwamo. Funzo ni kwamba hata mtaalamu, akiwa na mazoea ya kuamini kwamba melini ni mahali pa wanaume, ataiangalia mifupa ya mwanamke na kumwona mwanamume.

Mombasa, 1697: meli ya msaada

Sasa tuje pwani yetu. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Mzingiro huo ulidumu hadi Desemba 1698. Ndani ya ngome njaa na tauni viliwaua watu wengi, na kufikia Agosti 1697 Wareno walikuwa wamekwisha karibu wote. Ulinzi ukabaki mikononi mwa watu wa pwani, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Sheikh Daud wa Faza. Ndipo Septemba 1697 ikafika misaada kutoka Goa, ikiwamo meli Santo António de Tanná. Mwezi Oktoba meli hiyo iliachana na nanga zake, ikapwelewa na kuharibika usukani, na hatimaye ikazama chini ya kuta za ngome iliyokuja kuiokoa.

Mabaki yake yalichimbuliwa kati ya mwaka 1977 na 1980 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani, chini ya usimamizi wa Robin Piercy. Baada ya kupimwa na kuchorwa, mbao za meli ziliachwa palepale chini ya mchanga, na vitu vilivyotolewa vikahifadhiwa katika makumbusho ya Ngome ya Yesu, ambako mwananchi anaweza kuviona.

Meli hii tunaiita ya Kireno. Tuitazame kwa makini. Ilijengwa mwaka 1681 huko Baçaim, katika pwani ya magharibi ya India, kwa mbao za msaji na kwa mikono ya mafundi wa India. Vyombo vyake vya kupikia na kuhifadhia maji vilitoka sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi. Vyombo vya kauri vilitoka China. Vingine vilitoka Ureno. Ngamani yalikuwamo magogo ya abanusi. Katika meli za aina hii, Wareno walitegemea mabaharia wa Kihindi na watumwa wa Kiafrika, kwa kuwa Ureno yenyewe haikuwa na watu wa kutosha kuendesha himaya yake. Kilichokuwa cha Ureno ni bendera, mizinga na faida. Kazi ilikuwa ya Bahari ya Hindi nzima.

Hitimisho hili ni muhimu, kwa sababu wapo wanaofundisha kwamba watu wa bahari hii walikaa wakitazama Wazungu wakipita. Ushahidi wa ngama ya Santo António de Tanná unasema kinyume. Mkoloni alipanda juu ya ustadi aliokuwa ameukuta: useremala, ukalafati, ujuzi wa pepo za kusi na kaskazi, biashara ya vyombo na nafaka. Aliunyang'anya uongozi wa ustadi huo, hakuuleta.

Hata hivyo tusijidanganye kwa kuugeuza ushahidi kuwa hadithi ya mashujaa watupu. Walioilinda ngome na walioizingira, pande zote mbili, walikuwamo watu wa pwani na watumwa waliopigana vita ambavyo faida yake ingekwenda kwa wafanyabiashara wa Goa au wa Maskati. Aliyekufa kwa tauni ndani ya ngome na aliyezama nje yake hawakuulizwa kama wanataka kuitawala Mombasa.

São José: farumi ya chuma na mizigo ya watu

Meli São José Paquete Africa iliondoka Lisbon tarehe 27 Aprili 1794 kwenda Msumbiji. Katika orodha ya shehena yake, iliyopatikana katika nyaraka za Lisbon, yameandikwa mapande 1,400 ya chuma kwa ajili ya farumi. Tarehe 3 Desemba iliondoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Maranhão, Brazil, ikiwa na watumwa zaidi ya 500. Tarehe 27 Desemba, karibu na Cape Town, iligonga mwamba na kuvunjika. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Watumwa 212 walikufa. Waliosalia waliuzwa hukohuko Rasi, siku chache baadaye.

Hayo yanajulikana kwa sababu nahodha alitoa maelezo rasmi ya kujitetea, na maelezo hayo yakatunzwa. Katika maelezo ya namna hiyo watu 212 ni hasara ya mali, na mwenye mali anaelezwa jinsi hasara ilivyotokea.

Katika miaka ya 1980 wawindaji hazina walifika mahali ilipozama, wakadhani ni meli ya Kiholanzi. Walipita juu ya kaburi wakitafuta bidhaa. Baadaye wanaakiolojia wa makumbusho ya Iziko ya Afrika Kusini na wenzao wa mradi wa kimataifa wa kuchunguza meli za watumwa walilinganisha nyaraka na mabaki, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba ndiyo São José. Waliona mapande ya chuma ya farumi, misumari ya shaba, roda ya mti, na mabonge ya kutu ambayo yalipopigwa picha za eksirei yalionekana kuwa na mabaki ya pingu.

Tujiulize: kwa nini meli ya watumwa inahitaji chuma kingi hivyo? Meli yenye shehena ya nafaka au kauri hutulizwa na uzito wa shehena yenyewe. Binadamu ni mwepesi kuliko shehena ya namna hiyo. Tena anasogea, anakonda, anakufa njiani. Kadiri safari inavyoendelea uzito ngamani unapungua na kuhama. Mwenye meli alilijua jambo hili tangu Lisbon, miezi kabla ya kumwona hata mmoja wa watu aliotaka kuwabeba. Alikwisha piga hesabu ya vifo vyao na kuifidia kwa chuma. Hakuna waraka unaoueleza unyama wa mfumo huu waziwazi kuliko mapande hayo ya farumi. Hasira ya nahodha mmoja au ukatili wa baharia mmoja ungekuwapo au usingekuwapo. Farumi ilikuwapo kabla yao, kama sehemu ya mpango wa biashara.

Biashara hiyo ilituhusu sisi pia. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya mashamba ya Wafaransa. Mtawala wa hapa alitia mkono wake katika mkataba huo. Historia ya kweli haifichi jambo hili kwa kisingizio cha uzalendo.

Mwaka 2015 udongo ulioletwa kutoka Msumbiji ulimwagwa baharini mahali São José ilipozama. Ndugu wa waliozama hawakuweza kuirudisha miili nyumbani. Waliupeleka udongo wa nyumbani kwa miili.

Nani mwenye haki juu ya mabaki?

Mwaka 1752 meli Geldermalsen ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya Indi ilizama katika Bahari ya China Kusini. Watu 80 kati ya 112 walikufa. Mwaka 1985 ilifikiwa na mwindaji hazina, na mwaka 1986 vyombo vya kauri zaidi ya 150,000 na mapande 125 ya dhahabu vilipigwa mnada Amsterdam na kampuni ya Christie's. Wanunuzi walifurahi. Lakini maisha ya wale 80 hayakuchunguzwa ipasavyo: walilala wapi, walikula nini, walikuwa na vifaa gani. Vitu hivyo havikuwa na bei mnadani. Mbao zilisumbuliwa, uhusiano wa vitu ukavunjwa, na ukivunjwa hauundwi tena. Hapa ndipo tunapoirudia hoja yetu ya mwanzo: kitu kilichong'olewa mahali pake kinabakia na thamani ya soko, lakini kinapoteza thamani ya ushahidi.

Tarehe 2 Novemba 2001 UNESCO ilipitisha Mkataba wa Kuhifadhi Urithi wa Utamaduni Ulio Chini ya Maji, ulioanza kutumika tarehe 2 Januari 2009. Mkataba huu unahusu mabaki yaliyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi. Unakataza kuyafanya bidhaa, na unataka uhifadhi wa palepale yalipo ufikiriwe kwanza. Ni hatua njema. Lakini mkataba haulindi mabaki kwa nguvu ya karatasi. Nchi inahitaji wapiga mbizi wake, maabara zake na wanahistoria wake. La sivyo mwenye chombo na mtaji atakuja na "msaada", na mgawanyo wa faida utakuwa uleule wa zamani.

Makosa ya kuepukwa

Katika kuutumia ushahidi huu, yafaa kujihadhari na makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuabudu vitu. Pingu haijielezi. Bila nyaraka na bila nadharia sahihi ya jamii, farumi ya São José ni chuma tu. Vitu na karatasi vinapaswa kuhojiana.

Kosa la pili ni kuisahau bahati ya kuzama. Mabaki ni picha ya siku moja, siku ya ajali. Vyepesi vilielea, vya thamani viliopolewa mapema, na upande mmoja uliliwa na bahari. Kwa hiyo kukosekana kwa kitu si uthibitisho kwamba hakikuwapo.

Kosa la tatu ni kuwaona mabaharia kama kundi moja lisilo na mivutano. Melini alikuwamo mnyonge aliyemwonea mnyonge zaidi. Baharia wa São José alilipwa ujira mdogo na alitishwa kwa kiboko, lakini ndiye aliyefunga pingu. Uchambuzi usiofika hapo haujakamilika.

Hitimisho

Meli zilizozama zimetupatia kile ambacho makabati ya watawala yalitunyima: bakuli la mti lenye alama ya mwenyewe, bega lililoharibiwa na upinde, rula ya fundi mgeni, gogo la abanusi, pingu ndani ya bonge la kutu. Kwa vitu hivi tunaweza kusema kwa uhakika kwamba waliofanya kazi baharini walikuwa na ujuzi, walikuwa na imani, walicheza, waliugua, na walijua hatari kabla ya wakubwa wao kuikubali.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake haihitaji kupiga mbizi. Katika Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Lamu na Unguja wapo wazee waliosafiri na majahazi, wanaojua majina ya kila kamba na kila ubao, namna ya kugawana mapato kati ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia, na chakula kilicholiwa njiani. Wanafunzi na makada waliopo katika maeneo hayo waende wakawasikilize na kuandika sasa. Mwanaakiolojia wa kesho atakapouona mkuku wa jahazi mchangani, atahitaji mtu wa kumwambia nani alilala wapi, na nani alikula baada ya nani.